Ruhusa ya Kupumzika

Kiswahili bado hakijaamua jambo hili kiliite nini. Magazeti huandika kifo cha huruma. Wahubiri husema mauaji ya huruma, na ukiwasikiliza vizuri utasikia neno huruma likitemwa kama kokwa. Mawakili wana kusaidiwa kufa. Madaktari, ukiwauliza, hukimbilia Kiingereza. Na shida inaanzia hapo hapo, maana ukishachagua jina umeshachagua upande. Anayesema kifo amekwambia hakuna aliyeua. Anayesema mauaji amekwambia kuna muuaji chumbani, kilichobaki ni kumtafuta.

Mjomba wangu hakutumia jina lolote kati ya hayo. Yeye alisema, "Nataka kupumzika."

Kwetu neno hilo lina milango miwili. Mtu akitoka shamba anapumzika. Dereva akifika Mtito Andei usiku anapumzika. Na mtu akifa, anayewapigia jamaa simu hasemi amekufa, anasema mzee amepumzika. Kwa hivyo mjomba aliposema vile, kila mtu chumbani alikuwa huru kusikia alichotaka. Mama alisikia kwamba kaka yake ana usingizi, akamtengenezea mto. Mimi nilisikia ule mlango wa pili.

Aliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Tuliitana mjomba, yeye mimi na mimi yeye, kama ilivyo desturi. Mama ni Mkatoliki. Yeye alisilimu alipooa Mombasa, na kwetu Taita hilo si jambo la kupindua meza: Krismasi alikuja na mbuzi, Idi tulienda kwake na njaa. Alikuwa na sauti nene, akicheka barazani majirani walijua amerudi safari. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Chakula kikaanza kukwama, kwanza ugali, halafu wali, halafu hata uji. Saratani ya umio. Ilipojulikana, ilikuwa imeshatembea hadi kwenye ini.

Alikuja kukaa kwangu Umoja kwa sababu ya kliniki. Yeye na mkaza mjomba wakachukua chumba, mimi nikahamia kochi. Zamu ya usiku ilikuwa yangu kwa sababu kazi yangu ni ya kompyuta na usiku niko macho tu. Ni usiku, saa nane hivi, ndipo aliponiuliza bila kuzunguka.

"Mjomba, nyinyi vijana mnajua mambo ya mtandao. Si huko ng'ambo kuna dawa mtu hupewa, akalala, basi?"

Alikuwa amelisikia hilo kwenye redio ya lori miaka iliyopita, mahali fulani kati ya Salgaa na Mau Summit. "Nitazamie," akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akinituma nimtazamie bei ya tairi.

Nikamtazamia. Mgonjwa akikuuliza swali la kweli, kumwambia "usiseme hivyo" ni kumfungia mlango usoni.

Uswisi, tangu 1942, sheria ya jinai humwadhibu anayemsaidia mtu kujiua pale tu anapofanya hivyo kwa kujinufaisha, ndiyo maana wapo wageni wanaopanda ndege kwenda kufia huko. Katika jimbo la Oregon, Marekani, sheria ilianza kutumika 1997: mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye madaktari wawili wamekubaliana kwamba amebakisha miezi 6 au chini ya hapo, anaweza kuandikiwa dawa, lakini lazima aimeze mwenyewe. Uholanzi na Ubelgiji zilifuata 2002, na huko daktari anaweza kuitoa kwa mkono wake, kisha ni lazima aripoti kwa kamati inayochunguza kila kisa. Kanada ilijiunga 2016, Uhispania 2021. Afrika hakuna nchi iliyopitisha sheria kama hiyo.

Na hapa nyumbani? Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi, na kwamba mtu hatanyimwa uhai kwa makusudi isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 225, inasema anayemshawishi au kumsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Kifungu cha 213 kinakwenda mbali zaidi: hata ukiharakisha tu kifo cha mtu ambaye ugonjwa ungemuua vyovyote vile, sheria inahesabu kwamba wewe ndiwe uliyemuua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226, kile kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Yaani sheria yetu imeanza kumhurumia anayetaka kufa, lakini anayemshika mkono bado ni mhalifu.

Nilimsomea yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yamefumbwa.

"Kwa hivyo ni pasipoti, visa na tikiti," akasema. "Kumbe hata kufa kunataka visa." Akacheka hadi akakohoa, nikamshika mgongo.

*

Wiki hiyo hiyo nyumba yangu ya chumba kimoja na sebule ilipokea padre Jumanne na imamu Alhamisi. Mama alimwita wa kwanza, mkaza mjomba akamwita wa pili. Nilijiandaa kwa hotuba mbili za "hapana". Hapana nilizipata, lakini zilikuja na mengine ambayo kwenye mimbari huwa hayatajwi.

Padre alisema Kanisa haliruhusu kamwe tendo la kumuua mgonjwa, hata akiomba, hata kwa huruma. Hilo nililijua. Kisha akasema Kanisa vilevile halimlazimishi mtu kung'ang'ania kila mashine na kila mrija. Papa Pius wa 12 aliwaambia hivyo madaktari wa nusukaputi mwaka 1957: mtu anawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, si zile zinazopita kiasi. Na mwaka huo huo alikubali kwamba dawa ya maumivu inaweza kutolewa hata kama inaweza kufupisha maisha, mradi lengo ni kuondoa maumivu na si kuua. Vatikani ikayarudia hayo katika tamko la 1980. Yohane Paulo wa Pili, ambaye mwaka 1995 aliandika waraka mkali dhidi ya kifo cha huruma, saa yake ilipofika Aprili 2005 hakurudishwa hospitalini. Alibaki chumbani mwake, watu wakiomba uwanjani.

Imamu naye alianza na amana. Roho si mali ya mtu, ni amana aliyowekewa, na amana hairudishwi kabla mwenyewe hajaidai. Akataja hadithi ya mtu aliyejeruhiwa, maumivu yakamshinda akajimaliza, na jinsi Mungu alivyomhesabia kwamba ameitangulia amri yake. Mjomba akanyamaza. Halafu imamu, kama aliyeona uso wa mgonjwa, akaongeza ya yule mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume kuomba dua. Alipewa hiari: asubiri na malipo yake yawe Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunukwa nguo anapoanguka. Wanazuoni wengi wanaitumia hadithi hii kueleza kwamba kutibiwa si faradhi katika kila hali. Mtu anaweza kusema matibabu haya yatosha na asiwe amefanya dhambi.

"Na kutamani kufa?" mjomba akauliza.

Imamu akajibu kwamba mtu asitamani mauti kwa sababu ya mateso, lakini ikimlazimu, basi kuna dua: amwombe Mungu amweke hai maadamu uhai una heri, na amchukue mauti yakiwa na heri zaidi. Mjomba aliisema dua ile mara tatu. Kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa njia ya kulisema lile jambo bila kumtisha mkewe.

Nikiziweka pamoja dini hizi mbili, naona zimechora mstari mahali pamoja. Upande mmoja ni kuua. Upande wa pili ni kuacha kukizuia kifo ambacho tayari kiko mlangoni. Wa kwanza ni haramu, wa pili unaruhusiwa, na kati yao dawa ya maumivu ina nafasi yake halali.

Wasioamini huuliza: je, mstari huo upo kweli, au tumejichorea ili tulale usingizi? Mwaka 1975 mwanafalsafa wa Marekani, James Rachels, alitoa mfano ambao ukiusoma hauwezi kuusahau. Mtu mmoja anamzamisha binamu yake mdogo bafuni ili apate urithi. Mwingine anaingia na nia ile ile, lakini anakuta mtoto ameteleza, amegonga kichwa na uso uko majini. Anasimama, anatazama. Hakumgusa. Je, huyu wa pili ni mwema zaidi? Rachels anasema hapana, na kama hapana, basi kumwacha mtu afe na kumuua havitofautiani kwa sababu tu mkono mmoja umetulia.

Nimeukubali mfano huo na bado naona kuna kitu umekiruka. Wale watu wawili wana nia moja, na nia hiyo ni mbaya. Ukiweka nia moja kila mahali, bila shaka matendo yataonekana sawa. Nyumbani kwetu Umoja nia hazikuwa moja. Mwanamke anayemwambia daktari "msimtie mrija mwingine" hakutaka mumewe afe. Alitaka asiguswe tena. Ni kweli kwamba mwisho ni ule ule, lakini tukipima kila kitu kwa mwisho, sote mwisho wetu ni ule ule.

*

Hata hivyo nisikudanganye kwamba hoja za upande wa pili ni nyepesi. Nzito kuliko zote, kwangu, imetoka kwa mtu wa Mungu. Askofu Desmond Tutu mwaka 2014 aliandika kwamba anaunga mkono haki ya mtu aliye mahututi kusaidiwa kufa, na akasema wazi kwamba jinsi Mandela alivyoonyeshwa kwenye kamera na wanasiasa katika udhaifu wake ilikuwa kumvunjia heshima. Alipofikisha miaka 85, Oktoba 2016, akarudi tena na kusema sasa anazungumza juu yake mwenyewe: anataka hiari hiyo iwepo. Hoja yake ilikuwa kwamba utakatifu wa uhai hauna maana ukitengwa na heshima ya anayeuishi. Si mtu wa kupuuzwa, bana. Huyu alikuwa amezika watu wengi kuliko wanaomkosoa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko huko Afrika Kusini, wakili aliyeitwa Robert Stransham-Ford, mgonjwa wa saratani, alikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria kuomba daktari aruhusiwe kumsaidia. Tarehe 30 Aprili 2015 jaji akamkubalia. Saa chache kabla ya uamuzi huo, Stransham-Ford alikuwa ameshafariki kwa ugonjwa wake, na mahakama haikujua. Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi. Nikimsomea mjomba kisa hicho alitikisa kichwa. "Hakusubiri muhuri," akasema.

Katiba yetu pia ina kifungu cha 28, kinachosema kila mtu ana utu wa kuzaliwa nao na haki ya utu huo kuheshimiwa. Wakili mzuri akikiweka kando ya kile cha 26, kesi ipo. Nafikiri siku moja itafika mahakamani hapa Nairobi. Mtu atasimama, au atasukumwa kwa kiti cha magurudumu, na kuuliza: heshima yangu ni ya nani?

Mimi ningekuwa nimefika hapo na kuishia hapo, kama si muuguzi wa hospisi.

Alikuja Jumamosi na begi dogo. Mkaza mjomba akamweleza kwa kunong'ona kwamba mgonjwa anasema maneno mabaya, anataka kufa. Muuguzi hakushtuka. Akauliza anapewa nini kwa maumivu. Tukamwonyesha vidonge tulivyopewa hospitalini siku aliporuhusiwa, vile vile ambavyo mimi hununua dukani nikiumwa na kichwa. Mtu ana uvimbe kooni na kwenye ini.

"Hebu tuondoe maumivu kwanza," akasema. "Halafu mumuulize tena kama anataka kufa."

Mofini ya maji haina maajabu ya kutazama. Ni unga uliochanganywa na maji kwenye famasia, unawekwa chupani, unapimwa kwa sindano isiyo na ncha. Kila saa nne, kwa saa, si kungoja mpaka alie. Dozi ya kulalia inaongezwa ili usiku asiamke. Na dawa ya kulainisha choo pembeni, maana mofini hufunga tumbo. Mkaza mjomba aliogopa atakuwa mteja, kama wale vijana wa unga anaowaona Mombasa. Muuguzi akamweleza kwamba mwili wenye maumivu makali na dozi inayopimwa si sawa na kijana wa mtaroni. Usiku ule mjomba alilala saa sita mfululizo. Mkewe aliamka mara tatu kuangalia kama anapumua.

Kwa wiki tano neno kupumzika lilirudi kwenye mlango wake wa kwanza. Alikaa dirishani. Alibishana kwa simu na madereva wenzake kuhusu barabara ya Mai Mahiu. Alimwita fundi aje amnyoe. Hakuuliza tena habari za Uswisi.

Hapo hasira zangu zilipata anwani. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa 1990, kwa hivyo si kwamba nchi haikuwa imesikia. Lakini mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti nzima juu ya watoto wa Kenya wanaokufa kwa maumivu kwa sababu hospitali nyingi hazikuwa na mofini, dawa ambayo ni ya bei ndogo. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu kwamba kati ya takriban tani 300 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi hupata kilo 100 hivi. Soma tena: tani, halafu kilo. Na usiseme ni umaskini peke yake, maana jirani zetu Uganda walianza mapema: Daktari Anne Merriman alifungua hospisi Kampala mwaka 1993, mofini ya maji ikatengenezwa huko huko, serikali ikaitoa bila malipo, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika, kwa sababu kijijini daktari hayupo.

Kwa hivyo tunapobishana kama Mkenya aruhusiwe kufa, tunaruka swali la kwanza: je, aliruhusiwa kutoumia?

*

Ningependa kuishia hapo pia. Ingekuwa insha safi, mofini imekuja, tamaa ya kufa imeondoka, Bwana asifiwe, alhamdulillahi. Lakini wiki ya sita mjomba aliomba tena, na safari hii hakuwa na maumivu.

Bima ilikuwa imefika kikomo. Mchango wa kwanza kwenye grupu ya WhatsApp ulikuwa umeisha, wa pili ulikuwa unasuasua, unajua vile watu huanza kuandika "tuko pamoja katika maombi". Mkaza mjomba alikuwa amezungumza na mtu kuhusu ploti ya Voi, ile ambayo mjomba aliinunua kwa miaka kumi na moja ya kulala ndani ya lori badala ya gesti. Alizungumzia jikoni, kwa sauti ya chini. Nyumba za Umoja hazina sauti ya chini.

"Mjomba," akaniambia usiku huo. "Nikienda Jumatatu, ploti inabaki. Nikienda mwezi ujao, haibaki. Hiyo ni hesabu tu. Wala silii."

Aliitazama chupa juu ya kabati, kisha akanitazama mimi. Hakuomba kwa maneno. Nikainuka, nikaiweka chupa mahali pake pa kawaida jikoni, nikarudi kukaa.

"Sitafanya hivyo," nikamwambia.

"Najua. Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba nimefikiria."

Tukakaa mpaka adhana ya alfajiri.

Baadaye nilirudi kwenye zile ripoti za Oregon, zinazotolewa kila mwaka, zenye orodha ya sababu ambazo wagonjwa hutoa. Nilidhani maumivu yangekuwa juu. Hayako juu. Juu ni kupoteza uwezo wa kujiamulia na kushindwa kufanya yale yanayofanya maisha yawe na ladha. Na wengi hutaja hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa. Hiyo ni nchi tajiri. Sasa ilete hofu hiyo Kenya, ambako mzigo si hisia, una risiti. Ambako wodi inaweza kukataa kumwachilia mgonjwa aliyepona mpaka bili ilipwe, na mochari inaweza kuukalia mwili kwa sababu hiyo hiyo. Kitanda cha ICU cha siku moja katika hospitali ya kibinafsi ni makumi ya maelfu ya shilingi.

Ndiyo maana, pamoja na heshima yangu yote kwa Askofu Tutu, sijaweza kutia sahihi. Hoja ya hiari inasimama juu ya mtu aliye huru kuchagua. Mjomba alikuwa na akili timamu kuliko mimi, angejaza fomu yoyote na kuifaulu. Madaktari wawili wangemhoji wakamkuta mtulivu. Lakini alichokuwa akichagua ni kati ya uhai wake na ploti ya watoto wake, na chaguo hilo hakulitengeneza yeye. Sheria ikija kabla ya mofini na kabla ya bima inayotosha, wa kwanza kuitumia watakuwa watu kama yeye, na sisi tutaita ile ni hiari. Kanada ilianza na watu ambao kifo chao kilikuwa kinaonekana karibu. Mwaka 2021 sharti hilo likaondolewa. Mlango wa aina hii ukifunguliwa, ni vigumu kusema utafunguka hadi wapi, na nchi ile ina hospitali za umma zisizomtoza mgonjwa.

Sisemi kwamba jibu ni hapana ya milele. Kuna maumivu ambayo hata mofini haiyafikii, na kuna watu wasio na deni wala ploti ambao wanajua wanachotaka. Kumwambia mtu kama huyo asubiri mpaka nchi iwe na haki ni kumlipisha yeye bili ya serikali. Hilo linanisumbua na sina dawa yake.

Lakini nimechoka na pande mbili zinazopiga kelele mtandaoni. Wale wa "mwili wangu, uamuzi wangu" wengi wao wana kadi ya bima mfukoni. Na wale wa "uhai ni wa Mungu" sijawaona wakichangisha pesa za mofini kama wanavyochangisha za paa la kanisa au zulia la msikiti. Kama uhai ni amana, basi maumivu ya mwenye amana yanatuhusu. Usinihubirie subira ukiwa umeficha chupa.

*

Nimonia ilimkuta Voi, alikokuwa amerudishwa kwa ombi lake. Daktari kijana akasema anaweza kumpeleka Mombasa, ICU, mashine ya kupumulia. Alisema kwa uaminifu kwamba saratani haitaondoka. Mjomba alikuwa ameshasema jibu lake wiki mbili kabla, mbele ya mkewe, Mama na imamu: hapana mashine, hapana mrija, mofini ndiyo. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kukataa matibabu baada ya kuelezwa matokeo yake. Daktari aliandika, akaonekana kushusha pumzi.

Mchana ule bibi mmoja wa ukoo, mkubwa wa wote waliobaki, aliomba maji kwenye kikombe. Aliyatia kinywani, akayapuliza, akasema hana kinyongo na kijana huyu, wala na baba yake aliyemtangulia. Hiyo ni kutasa, ilikuwepo Taita kabla ya msalaba na kabla ya mwezi mwandamo. Hasira iliyobaki moyoni humfunga mtu, kwa hivyo inatolewa nje isikike. Mmoja mmoja tukapokea kikombe. Mkaza mjomba alisita, kisha akapuliza, akamwambia mumewe kwamba hata ploti ingeuzwa asingemlaumu. Mama akasema, "Kaka, pumzika." Safari hii alimaanisha mlango wa pili, na wote tulisikia.

Alifariki siku ya pili, alasiri, bila kukimbizwa popote.

Miezi mitatu baadaye Mama alikuja Nairobi, akanitoa kwenye kompyuta, akanipa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake. Wasia tuliouzoea ni wa ng'ombe na mashamba, lakini yeye alitaka kuandikiwa wa aina nyingine. Akaniamuru niandike kwa Kiswahili cha kueleweka ili hata dada yangu asije akabishana.

Moja, asiwekewe mashine kama daktari hana matumaini. Mbili, apewe mofini mapema, asingoje hospisi itafutwe. Tatu, mtu yeyote asimpe kitu cha kumuua, hata akiomba, maana huenda siku hiyo akawa anaomba kitu kingine.

Nikadhani amemaliza. Akafikiri, akanigusa mkono niandike tena.

"Nne. Bili msinionyeshe."

Akachukua kalamu, akatia sahihi, akauliza kama kuna chai.